Mkono wa Kushoto Kwenye Picha ya Kisogo

Nilinunua picha ya mtu anayeniwekea sumu kwenye chai. Nikaitundika mwenyewe sebuleni, juu ya kochi, tena kwa msumari mpya.

Nyie mnaosoma, msinicheke. Kaeni vizuri niwaeleze.

Nina duka la picha kwenye mji wa watalii, mtaa ule unaoshuka ufukweni. Majirani zangu wanauza za kunakili: mnazi uleule, jua lilelile, ukutani zimepangana hadi darini. Mimi nanunua orijino tu, mkononi kwa wachoraji wa hapahapa. Kwa hilo nina jina mjini, na ubishi wangu wanaujua.

Nyumba yangu iko nyuma ya duka. Mume wangu yuko melini miezi kibao, kwa hiyo tulikuwa watatu: mimi, wifi yangu, yaani mdogo wake mume wangu, na dada yangu wa tumbo moja aliyekuja kunisalimia, akabaki kuniuguza.

Maana nilikuwa naumwa, jamani. Ilianza kama mchezo. Natapika asubuhi, vidole vinakufa ganzi, nywele zinabaki kwenye kitana. Hospitali wakasema vidonda vya tumbo, nikapewa vidonge, nikazidi kukonda.

Siku moja akaja Kisogo dukani.

Huyu ni mchoraji mpole, tena ana msimamo wake: hachori kitu cha kichwani. Asichokiona hakiweki, hata jani. Hilo jina alipewa na wenzake, na mimi nikadhani ni kwa sababu ya kisogo chake, maana kweli kajaliwa.

Akanifunulia picha. Dirisha la jiko. Pazia la maua, bomba la maji, na chini ya pazia mkono umeshika kichupa cha kijani, unamimina kitu kwenye kikombe cha njano chenye mfuniko.

Kikombe changu... Hakuna mwingine anayekinywea.

Sikumuuliza hata swali moja. Nililipa, nikafunga duka, nikaingia nayo ndani.

Dada aliitazama ile picha muda mrefu mno. Akaisogelea, akarudi nyuma. Halafu akanishika bega.

"Mdogo wangu, huo ni mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Na humu ndani nani anatumia shoto?"

Wifi. Wifi anakata vitunguu kwa shoto, anafagia kwa shoto, hata mlango anagonga kwa shoto. Damu ikanichemka.

Nilimtoa siku hiyohiyo. Nguo zake nilizitupa barabarani majirani wakishuhudia, na matusi niliyomporomoshea siwezi kuyaandika hapa. Aliokota vyake, akafunga begi, ndipo akanitazama.

"Umenihukumu kwa picha, wifi. Basi itazame vizuri."

Dada akataka tuichome. Nikakataa, orijino haichomwi. Nikaitundika pale juu ya kochi nimwonyeshe mume wangu siku akirudi, aone dada yake ni mtu wa namna gani.

Kuanzia hapo dada akashika jiko. Alisema hataki mtu mwingine aguse kikombe changu, na mimi nikamshukuru Mungu kwa kunipa ndugu.

Lakini sikupona... nilizidi. Ganzi ikapanda hadi magotini, nikawa natembea kwa kushika ukuta. Nilianza kuiogopa nyumba yangu mwenyewe, bila kujua naogopa nini.

Asubuhi moja nikafungua dirisha la chumbani nipate hewa. Ng'ambo ya uzio, Kisogo alikuwa amekaa anachora nyumba yangu.

Alikuwa ameipa mgongo.

Kando ya turubai lake aliegesha kioo kikubwa, kama cha kinyozi. Anatazama kiooni, anachora. Macho yetu yakakutana mlemle kiooni, akanisalimia bila kugeuka.

"Mbona umetupa mgongo?" nikamuuliza.

"Ndivyo ninavyochora, mama. Watu hawapendi kukodolewa macho. Nikiwapa kisogo, hakuna anayenishtukia."

Kisogo! Kumbe jina lilikuwa linanieleza siku zote.

Nikakumbuka bomba. Ukitazama jiko langu kutoka nje, bomba liko kulia. Kwenye picha liko kushoto. Nililiona tangu siku ile, nikasema ni mapozi ya wasanii.

Nikajikongoja sebuleni, nikaitungua picha, nikaileta chumbani na kuisimamisha mbele ya kioo cha kabati. Bomba likarudi mahali pake.

Na kichupa kikahamia mkono wa kulia.

Nyumba ilikuwa na watu watatu. Mtoe wifi, nitoe na mimi...

Kioo kilekile kikanionyesha mlango nyuma yangu. Dada alikuwa amesimama, kikombe cha njano mkononi.

"Chai inapoa," akasema.

"Anza wewe, dada."

Akacheka kidogo, lakini hakukipeleka mdomoni. Alikuwa anaitazama picha kiooni, na nikaona naye ameelewa.

"Duka mama alikuachia wewe," akasema taratibu. "Mimi mkubwa nikaachiwa pole."

Kisha akageuka kuelekea bafuni, aende kuimwaga ile chai.

Nikapiga kelele kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo.

"Kisogo! Geuka!"

Akageuka. Mtu ambaye mji mzima haujawahi kumwona akitazama kitu uso kwa uso, aligeuka, akaniona, akaruka uzio. Alimkuta dada mlangoni mwa bafu na nusu kikombe, na hiyo nusu iliwatosha madaktari na polisi.

Dada yuko ndani. Mimi natembea tena, ingawa vidole viwili bado havisikii kitu. Nililia zaidi kwa ajili ya dada kuliko kwa ajili ya miguu.

Kwa wifi nilienda kwa magoti. Aliniacha mlangoni hadi jua likazama, ndipo akafungua. Amerudi nyumbani, ila heshima niliyomvunjia mbele ya majirani bado naiokota kidogokidogo.

Wewe unayesoma, usimfukuze mtu kwa ulichoonyeshwa. Uliza kwanza aliyekuonyesha alikaa vipi, na anayekusaidia kutazama ana shida gani.

Picha siiuzi, hata watalii wakinibembeleza. Wifi mwenyewe ndiye aliyepanga ikae wapi: sebuleni palepale, imetazamana na kioo.

Anayetaka kuiona sawasawa lazima aipe kisogo.