Sahani ya Beryl

Halua ilioza ikiwa bado ya moto.

Zewar aliikaanga mwenyewe, Alhamisi jioni, kama alivyofanya kila Alhamisi tangu mumewe Nowruz azikwe. Kwa kabila lake la Wahazara, mafuta yakinukia jikoni siku hiyo, harufu yake huwafikia wafu, nao huja kuona kama bado wanakumbukwa. Alisoma Fatiha, kisha akafunua sufuria awagawie majirani. Juu ya halua palikuwa na utando wa kijivu, wenye manyoya, na chini ya utando kitu kilisogea.

Akaimwaga, akanawa mikono mara tatu.

Walikuwa na wiki tano tu katika nyumba ile. Waliitafuta mwaka mzima, maana siku hizi kila mtu anahamia mji huu wa Shepparton na nyumba za kupanga hazipatikani. Mwanawe alikuwa mbali akivuna zabibu. Nyumbani alibaki yeye na Shekila, mke wa mwanawe, mwenye mimba ya miezi saba.

Uozo ukahamia kwenye mkate, kisha kwenye wali. Chochote kilichoandaliwa sakafuni, pale walipokaa kula, kilianza kutoa ute kabla ya tonge la pili. Shekila alitapika mpaka akawa anatoa maji ya njano. Mkunga alimpima, akasema mtoto amekonda tumboni, na mama asipokula wiki hii atapoteza mimba.

"Mama," Shekila alinong'ona jioni moja, "zulia linatafuna."

Zewar aliinama, akaweka sikio, na chini ya zulia lile jipya alilolisugua kwa sabuni kila Ijumaa akasikia taya zikienda polepole, kwa utulivu wa mtu asiye na meno mengi, na kila zilipofunguka ilipanda harufu ya mafuta ya nyama yaliyosahauliwa juani, nzito, yenye utamu, ikamkaa kooni kama kidole.

Shekhe aliitwa. Alisoma Yasini pembe zote nne, kisha akatoka mbio akatapikia mawaridi. Aliporudi alisema kwa sauti ya chini.

"Huyu hafukuziki, dada. Huyu amealikwa. Ulipokaanga ulisema nini?"

"Nilisema kama siku zote. Wafu wa nyumba hii, chakula chenu hiki."

"Na Nowruz aliwahi kuishi nyumba hii?"

Nowruz hakuwahi hata kukanyaga pale. Maneno ya nyumbani kwake alikuwa ameyasema katika nyumba ya mtu mwingine.

Shekhe alimwambia atafute jina la huyo mwenyeji, atoe sadaka kwa jina lake, na sadaka hiyo iliwe na mtu aliyemjua.

Jirani wa kushoto, mzee Clarrie, alikuwa akimwagilia nyanya. Zewar alimuuliza kwa Kiingereza alichojifunza katika kiwanda cha matunda ya pichi. Mzee alieleza bila haraka. Mwenye nyumba wa awali aliitwa Beryl. Walitupiana maneno juu ya uzio ule miaka thelathini. Alianguka sebuleni peke yake, wakati wa joto kali, akafa, maiti yake ikakaa pale wiki sita. Zulia jipya lilitandikwa juu ya lile la zamani.

"Hukusikia harufu?"

"Nilidhani ni pichi zilizotupwa."

"Wiki sita?"

Clarrie alitazama maji yakitoka mpirani. "Siku tatu nilidhani hivyo. Halafu nikafunga dirisha."

Zewar alimtazama midomo.

"Basi sadaka yake utaila wewe," akasema.

Alhamisi alikaanga kwa jina la Beryl. Halua haikuoza. Clarrie aliila pale pale uzioni, akiwa amesimama, akalamba kijiko. "Beryl angesema sukari imezidi," akatania, lakini hakuinua macho. Nyuma ya Zewar kitu kilipita, baridi, chenye unyevu, kikagusa kisigino chake, na harufu ile ikavuka uzio. Shekila alikula sahani mbili usiku huo. Wiki iliyofuata mkunga alisema mtoto ameongezeka.

Zewar alimshukuru Mungu. Hakumuuliza Clarrie hali.

Siku ya kumi na sita tangu sadaka ile, upepo uligeuka. Ng'ambo ya uzio nyasi zilifika magotini, nyanya zilikuwa zimepasukia kwenye miche, na nzi walitanda kwenye kioo cha dirisha la Clarrie, kwa ndani. Harufu iliingia jikoni, na mkono wa Zewar ulikuwa umekwisha kulishika dirisha, unalivuta, alipouona mkono wake mwenyewe.

Akaliachilia. Akajifunga mtandio, akachukua sahani ya halua ya moto, akazunguka mpaka mlango wa Clarrie, akabisha.

Ndani, gizani, vinywa viwili vilikuwa vinatafuna.

Vikanyamaza. Juu ya halua mikononi mwake utando wa kijivu ulianza kuota.

"Ingia, jirani," sauti ya Clarrie ikasema, kama mtu mwenye kitu mdomoni. "Beryl amekuwekea nafasi."