Kengele Chini ya Kituo cha Tatu

Mtu mwenye akili timamu habebi kioo cha ukubwa wa mlango katikati ya soko, saa ambazo watu wote wanatoka kazini. Lakini Kinyozi alikuwa amekipata kwa bei ya kutupa na hakutaka muuzaji abadili mawazo. Alikikumbatia kifuani, uso wa kioo ukitazama mbele, akawa anapenya kati ya mikokoteni kwa kuomba radhi tu. Ghafla baiskeli ikachomoka kichochoroni, kengele ikilia. Mwenye baiskeli aliona msichana anamjia kwa kasi ileile, amevaa jaketi la njano kama lake, wala hana dalili ya kupisha. Akakamata breki zote mbili, akasimama pua na kioo, akaanza kumfokea aliyemo ndani.

"Wewe huoni?"

"Anaona," Kinyozi alijibu kutoka nyuma ya kioo. "Ila na yeye anauliza hivyohivyo."

Msichana alicheka mpaka akaegemea kreti ya chuma ya baiskeli yake. Kazi yake ilikuwa kuwapelekea wagonjwa dawa majumbani, na mtaa mzima ulimwita Kengele, kwa kuwa dole gumba lake halikubanduka kwenye kengele ya baiskeli. Kesho yake alipita kibandani kwa Kinyozi kutazama kioo kimetundikwa wapi. Keshokutwa alipita tena, ingawa kioo kilikuwa hakijahama. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wateja walianza kulalamika kwamba jioni ikikaribia macho ya Kinyozi yanahamia barabarani, na mmoja alitoka pale amenyolewa upande mmoja.

Kengele hakulipenda neno kwaheri. Alisema linaleta nuksi. Badala yake, kila jioni alipopanda baiskeli kurudi kwao, alipiga kengele mfululizo, bila kupumzika, mpaka kona ya mwisho wa mtaa immeze. Waliokaa kwenye viti vya kunyolea walimwambia Kinyozi, "Mkeo anakuaga," naye alijifanya hasikii huku meno yote yako nje.

Kila Jumapili walipanda mlima kwa baiskeli. Barabara ilianzia mwisho wa mji, ikajizungusha kona baada ya kona, na ilikuwa na vituo vitatu vya kutazamia bonde, kila kimoja na benchi la zege na ukuta mfupi. Kinyozi alikuwa mwepesi, na baiskeli yake ya mtumba nyepesi vilevile, ilhali Kengele alipanda na lile dude lake zito la kazini. Kwa hiyo Kinyozi alikuwa akitangulia, kisha akimngoja kituoni. Siku moja alirudi chini kumsaidia kusukuma, na alikiona cha mtema kuni. Kengele alimwambia kwamba yeye si toroli, kwamba atafika kwa miguu yake mwenyewe, na kwamba akimwona anarudi tena basi wasijuane. Tangu hapo Kinyozi alikaa benchini, uso ameuelekeza bondeni, akangoja.

Jumamosi moja alimpigia simu.

"Mpenzi, kesho vaa ile blauzi nyeupe."

"Ya kupandia mlima? Nani ataifua?"

"Mimi."

"Basi una jambo wewe," Kengele alisema, akakata simu kwa kicheko.

Jambo alikuwa nalo kweli. Alikuwa amepanga kulisema kituo cha tatu, kule kileleni, lakini kituo cha pili likamponyoka. Alisema anataka kumwoa. Kengele alimaliza kunywa maji, akafuta mdomo kwa kiganja, akamtazama kwa yale macho yake ya utundu.

"Jibu halitolewi katikati ya mlima. Tangulia. Nikikufikia kule juu, jua nimekubali. Ukiona sifiki, jua nimegeuza, na usiniulize tena."

Akamfinya shavu. Kinyozi alicheka, lakini moyo haukucheka. Alikuwa bingwa wa kuwatania wengine, ila yeye akitaniwa juu ya jambo alilolitaka sana, hakujua mzaha ni upi na kweli ni ipi.

Pale kituo cha tatu palikuwa na upepo. Lori la mchanga lilimpita likishuka kwa fujo, kisha barabara ikawa kimya. Alikaa. Alingoja kuliko alivyowahi kungoja. Ndipo kutoka chini akaisikia kengele. Haikulia mara moja, kama Kengele alivyozoea kuashiria kwamba yuko nyuma yake. Ililia mfululizo, bila kupumzika, kama jioni mtaani.

Kinyozi alisimama. Kisha akakaa tena. Ananiaga, alijiambia. Alifikiria kwenda ukutani kuchungulia, lakini hakutaka kuiona ile blauzi nyeupe ikishuka. Alipanda baiskeli yake akateremka kwa upande wa pili wa mlima, ili wasikutane, analia kama mtoto, na kengele ilikuwa bado inalia nyuma yake.

Nyumbani alitoa laini kwenye simu akaivunja kwa meno. Hakupita tena mtaa wa duka la dawa alikofanya kazi Kengele. Wateja waliomtaja mkewe aliwakata kauli kabla hawajamaliza, na baada ya muda wakaacha kumtaja.

Miezi ilipita. Siku moja alipeleka gurudumu kuzibwa kwa Mzee Spoku, fundi baiskeli, akaona dude lenye kreti ya chuma limening'inia darini, rimu ya mbele imejikunja. Aliuliza limepatwa na nini.

"Ya yule binti wa dawa," Mzee Spoku alisema. "Lori lilimsukumia nje ya barabara, karibu na kule juu. Akaangukia korongoni, chuma juu ya mguu. Mafundi wa barabara walimpata jioni kwa kufuata kengele. Mguu haukupona, maskini."

Kinyozi aliuliza ilikuwa siku gani. Mzee Spoku alimwambia, na Kinyozi akaketi chini kwenye grisi.

Mama yake Kengele alimfungulia mlango. Aliitikia shikamoo yake bila kumtazama, akamwambia kwamba mwanawe alikuwa akiomba simu kila siku kule hospitali, apige yeye mwenyewe, na kila siku sauti ilimjibu kuwa namba anayopiga haipatikani. Kisha akampisha.

Kengele alikuwa amekaa kitandani kando ya dirisha, magongo yameegemea kabati. Blanketi upande mmoja lilikuwa limelala bapa kuanzia chini ya goti. Kinyozi alipiga magoti akajieleza: kwamba hakuambiwa na mtu, kwamba alidhani amegeuza, kwamba alidhani kutofika kwake ndilo jibu.

Uso wa msichana ulifunguka taratibu.

"Mjinga wewe. Na mimi nilidhani umesikia habari za mguu ukakimbia." Akamshika mkono. "Nilikuwa nakuja. Nilipiga ile kengele mpaka dole likachubuka. Lakini upepo ulikuwa mkali, najua hukusikia."

Njia ya kuponea ilikuwa wazi pale. Angeitikia kwa kichwa tu kwamba hakusikia, na mke angempata. Kinyozi alijua hivyo, na alijua pia kwamba uongo ule ungelala katikati yao kitandani maisha yao yote.

"Nilisikia," alisema.

Mkono ukatulia ndani ya mkono wake.

"Nilidhani unaniaga. Mtu anayeondoka sauti yake hupungua. Ile haikupungua. Nilisikia haipungui, na nikaondoka."

Kengele hakupiga kelele. Aliuondoa mkono wake taratibu, akauweka juu ya blanketi.

"Kutoka pale nilipolala nilikuwa nauona ule ukuta wa kituo," alisema. "Nilikuwa nangoja kichwa chako kitokeze."

Kisha akamwomba aende.

Mvua zikaja, zikaisha. Kinyozi alikuwa amemwachia mama namba yake mpya, na simu ilipolia alikuwa na mteja mwenye povu shavuni. Kengele alisema maneno machache: Jumapili amngoje kituo cha tatu. Kinyozi hakulala. Alikwenda kwa Mzee Spoku akaifungua ile kengele kwenye dude lililoharibika, akaisugua mpaka ikang'aa.

Alikaa benchini, uso bondeni, kama zamani. Alisikia teksi ikisimama mbali, chini ya kona, kisha hatua: moja nzito, moja nyepesi, na fimbo. Zilichukua muda mrefu. Kila zilipokatika alishika ukingo wa benchi asigeuke, kwa kuwa hakuitwa.

"Nimefika," Kengele alisema. Alikuwa amevaa jaketi la njano, jasho linamtiririka. "Nilitaka ujue kwamba ningefika. Siku ile nilikuwa nimekubali tangu kituo cha pili. Nilikuwa nakuringia tu."

"Na leo?"

Alijifuta jasho kwa mkono wa jaketi.

"Nimejaribu, mpenzi. Mungu anajua nimejaribu. Lakini kila nikikuangalia nauona ule ukuta, hauna mtu."

Kinyozi alitaka kusema mengi, na yote yalikuwa ya kujitetea. Badala yake alimpa ile kengele aliyoisugua. Kengele aliitazama, akaifunika kiganjani, akaanza kuteremka. Kinyozi alimsikiliza mpaka hatua zikapotea nyuma ya kona.

Ndipo ikalia. Mfululizo, bila kupumzika.

Safari hii hakuketi. Aliteremka barabara mbio, kiatu kimoja kikamtoka akakiacha, akaivuka kona akihema, macho yake yakitafuta korongoni.

Kengele alikuwa amesimama wima kando ya teksi, mlango wazi, kengele mkononi. Alimtazama Kinyozi, akautazama ule mguu wake usio na kiatu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile, machozi yakamtoka.

"Umekuja," alisema.

"Umeumia?"

"Hapana. Leo nilikuwa nakuaga."

Aliingiza kwanza mguu wa bandia, kisha ule mwingine, dereva akafunga mlango. Teksi ilipozunguka kona ya chini, Kinyozi alipanda kurudi kuchukua kiatu chake na baiskeli.