Glasi ya Mjomba Évariste

“Jocelyne, mwanangu, divai hii tuinywe ao tuiache?”

Mjomba Évariste aliuliza huku akiisogeza glasi karibu na mkono wa Jocelyne. Kwa desturi ya kwao, msichana huulizwa mara tatu. Akimpa mjomba glasi anywe, amemkubali mchumba. Akiiacha mezani, mgeni anabeba vyake anaondoka.

Jocelyne hakujua kama amekuja kuposwa. Aliambiwa ni matembezi tu: Gaston, muuza vitambaa wa Fordsburg, anawapeleka yeye na mjomba kuona mashamba ya zabibu ya bonde la Mto Orange. Msusi wa Yeoville anayesimama kutwa saluni angekataaje? Walitoka Johannesburg jana, na tangu asubuhi walipita shamba baada ya shamba, mizabibu upande huu, mto upande ule, nyuma vilima vikavu vyekundu. Kilichomfurahisha zaidi ni dereva waliyepewa na kampuni ya watalii. Alikuwa Hénock, mpenzi wake wa siri wa miaka miwili. Alidhani ni bahati.

Sasa mama yake alikuwa hewani kwa video kwenye simu ya mjomba, kutoka Lubumbashi, amejifunga kitambaa kipya kichwani, tayari analia kwa furaha. Hénock alisimama kando ya gari, funguo mkononi. Simu ya Jocelyne ikatetemeka mapajani: ujumbe wa Hénock.

“Kataa, chérie. Nakuomba.”

Akajibu chini ya meza: “Sema wewe. Sema tunapendana.”

“Gaston ni mteja mkubwa wa bosi. Nitafukuzwa kazi.”

Gaston, mtu mpole mwenye kipara, alimwona ameinamisha kichwa akadhani ni haya. Akamtuliza. Akakiri kwamba hata yeye hakujua ampeleke wapi, ndipo akamwuliza dereva, maana alisikia anaifahamu saluni ya Jocelyne.

“Akaniambia, patron, huyu mpeleke kwenye shamba lile la mtoni, meza ya ukingoni, hatakataa. Wiki mbili tumepanga naye.”

Jocelyne aliijua meza hiyo kwa picha. Kila Hénock alipotoka safari alimwonyesha, akimwahidi kwamba ndipo watakapokaa siku atakapomwendea mjomba. Kumbe wiki mbili alijua, akanyamaza, na meza yenyewe akamgawia mwingine.

“Tuinywe ao tuiache?”

Mara ya pili. Jocelyne akamtazama Hénock waziwazi, mbele ya watu wote. Hénock akatazama matairi.

Akiiacha glasi, mama ataanguka hukohuko. Mjomba aliyemlea na kumhangaikia karatasi za kuishi Afrika Kusini atarudi na aibu. Na ataiacha kwa ajili ya nani?

“Mara ya mwisho, mwanangu.”

Jocelyne akaichukua glasi. Akampa mjomba. Mjomba akainywa yote. Mama akapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza.

Gaston akasimama, akamwita dereva, akampa simu awapige picha. Hénock akaja. Akarudi nyuma hatua mbili, kama anavyofanya kwa watalii wote.

“Sogea karibu na patron, madame,” akasema.

Jocelyne akasogea.