Saa Tisa Angani

Fundi cherehani haamini zipu. Mama alilivika sanduku lake turubai, akalishona pande zote kwa uzi mnene.

"Hapo hata mwizi mzoefu atakata tamaa," mumewe akamsifu.

Kesho yake Mama angepanda ndege kwa mara ya kwanza. Alikuwa anakwenda kwa binti yao aliyejifungua mtoto wa kwanza.

Jirani yao, dada anayeuza tiketi za ndege, akaingia kumuaga.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

"Mama, dawa zako za sukari umeziweka wapi?"

"Humo sandukuni, chini kabisa, zisipotee. Naondoka saa mbili asubuhi, nafika saa sita mchana. Saa nne tu! Nitameza nikifika."

Dada akaitazama tiketi. "Hapana, mama. Saa mbili ni ya hapa, lakini saa sita ni ya kule. Wenzetu wa kule wako nyuma yetu kwa saa tano. Ndege ikitua, hapa itakuwa saa kumi na moja jioni."

Mzee akahesabu kwa vidole. Kikabaki kimoja.

"Saa tisa!"

"Ndiyo, baba. Ni zaidi ya kilomita elfu saba, na ndege huenda kama mia nane kwa saa. Sanduku kubwa linakaa kwenye mizigo. Huko angani huwezi kulifungua."

Mzee aliingiwa na hofu. Sukari ilishawahi kumlaza mkewe hospitali.

"Dawa na cheti cha daktari viwe kwenye mkoba wa mkononi," dada akasema. "Na tumpigie muuguzi wa kliniki."

Muuguzi akaeleza vizuri. Mama ameze dozi ya mchana kwa saa ya nyumbani, pamoja na chakula cha ndani ya ndege. Asibadilishe saa yake ya mkononi mpaka afike. Huko, daktari atampangia upya.

Mama akaitazama mishono yake kwa uchungu. "Na nilivyoikaza!"

Mzee akachukua wembe, akaketi sakafuni, akafumua uzi polepole.

"Ningekuambia ubaki," alisema, "lakini binti anakuhitaji. Na mimi nakuhitaji. Urudi mzima."

"Fumua, acha maneno," Mama akajibu, huku amemshika bega.

Kesho yake saa sita mchana ilifika bila simu. Mzee hakuhangaika. Alijua mkewe bado yuko juu, na dawa anazo karibu.

Jua lilipozama, simu ikaita. Kule kulikuwa bado mchana.

"Nimefika, baba watoto. Dawa nilimeza, nina nguvu zangu. Nimempakata hapa."

"Msogezee simu sikioni."

Mzee alikuwa ameandaa maneno tangu asubuhi. Yote yakamkimbia.

"Babu hapa," akasema, machozi yakimtoka. "Babu hapa. Bibi yako ndiye huyo."