Nafasi ya Tano kwenye Simu ya Bibi Enesi

Gwantwa alikuwa na meza yake Tunduma, kando ya barabara kuu, pale ambapo malori ya kwenda Zambia hukaa kwenye foleni mpaka madereva wanafua nguo na kuzianika kwenye milango. Hakuuza simu wala hakutengeneza. Kazi yake ilikuwa kupanga uso wa simu. Unamletea simu yako mpya imejaa mavitu usiyoyajua, anaondoa hiki, anabandika kile, na baada ya nusu saa anakurudishia kitu unachokielewa hata kama shule uliiona kwa mbali: saa kubwa juu, chini yake wijeti, kidirisha kinachokuambia kama leo kuna mvua, halafu picha za watu wako. Kila picha ni njia ya mkato. Ukigusa uso wa mwanao, simu inaita kwa mwanao. Habari ya kutafuta majina inaishia hapo.

Mwanzoni watu walimcheka, eti mtu mzima anapanga picha. Waliacha kucheka walipoona kina mama wa Mbozi na Ileje wanashuka kwenye basi wakimuulizia kwa jina. Hata Wazambia walivuka mpaka kumfuata. "Mulishani, bamayo," wanasalimia kwa Kibemba, wanaweka simu mezani.

Kulikuwa na mambo mawili ambayo hakuna mteja aliyeweza kumbadilisha. La kwanza, hakuvumilia pengo. Nafasi tupu kwenye kioo ilimkera kama mchanga kwenye wali, na simu yenye pengo haikutoka mezani kwake. La pili, kwenye kila simu aliyoipanga, pembeni kule chini mkono wa kulia, alibandika uso wa mwanawe Tumpale, msichana wa miaka sita, akicheka. Ukiugusa, inaita kwa Gwantwa. Simu ikikusumbua, mguse mtoto, utasaidiwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kadi yake ya biashara, na Tumpale mwenyewe alijivuna nayo.

"Mama, leo nimekaa kwenye simu ngapi?" alikuwa akiuliza kila jioni.

Bibi Enesi alikuja Jumanne asubuhi kutoka Itaka, kofia ya sufu kichwani na kitenge mabegani kwa sababu ya ukungu. Baada ya shikamoo na marahaba, alitoa simu mpya iliyofungwa kwenye leso, na bahasha yenye picha nne.

"Wanangu hawa," alisema. "Nipangie kama tunavyokaa mezani nyumbani. Huyu hapa, huyu pembeni yake. Hawa wawili chini." Alizipanga picha juu ya meza kwa kidole, taratibu, kisha akagusa mbao tupu pembeni kule chini. "Na hapa acha wazi."

"Hapa pa nani, bibi?"

"Pa Rubeni. Shimo la dhahabu lilimfukia kule Galula, mwaka wa sita huu. Hatukumtoa. Nyumbani tunamtengea kiti na sahani, kila mchana. Na humu mtengee." Akamtazama Gwantwa usoni. "Usiweke kitu, mwanangu. Pana mwenyewe."

Gwantwa alimpa pole, na pole ile ilitoka moyoni. Bibi akaenda kununua sabuni wakati kazi inafanyika. Picha nne zikakaa, saa ikakaa, wijeti ya mvua ikakaa. Likabaki lile pengo, pembeni kule chini, mkono wa kulia. Palepale anapokaa Tumpale siku zote.

Alilitazama mara ya kwanza, akaliacha. Akalitazama tena. Akajiambia bibi haoni vizuri. Akajiambia uso wa mtoto unaocheka utamfariji mama wa watu. Ukweli ni kwamba vidole vyake vilikuwa vinamwasha. Akambandika Tumpale hapo, akaizima simu, na bibi aliporudi akiwahi basi aliipokea na kuiviringisha kwenye leso bila kuangalia.

Saa saba mchana, simu ya Gwantwa iliita. Namba ya Bibi Enesi. Akapokea, akasalimia, hakujibiwa. Alisikia sahani tu, na maji yakimiminwa, na mtu akisogeza kiti. Kisha ikakatika. Akadhani bibi amegusa kwa bahati mbaya.

Tumpale alikuwa anakula kwa Yunisi, mama lishe wa meza ya jirani, kama kila siku. Ila leo alikuwa amesimama, sahani mkononi, pembeni ya kiti chake kidogo cha plastiki.

"Kaa ule, mama," Gwantwa alimwambia.

"Kaka amekaa."

"Kaka gani?"

Mtoto alinyoosha kidole kwenye kiti. Hakikuwa na mtu. Yunisi akacheka, akasema watoto wa siku hizi hawaishiwi vituko, akakipangusa kiti kwa kitambaa. Kitambaa kikatoka na vumbi jeupe, laini, la mawe yaliyosagwa.

Jumatano Tumpale alikataa wali. Alisema ameshiba.

"Umekula wapi?"

"Kwa bibi mwenye kofia. Kaka ameniambia kwake kuna nafasi."

Gwantwa aliunusa mkono wa mwanawe, ule wa kushoto ambao mtoto huyu aliutumia kula, kuandika na kurusha mawe. Ulinukia maharage ya kukaangwa. Yunisi hakuwa amepika maharage wiki nzima.

Alhamisi mwili wa mtoto ulikuwa wa baridi. Hospitali walimpima kila kinachopimika, wakasema mzima. Ijumaa mchungaji alimwombea, Tumpale akasinzia katikati ya maombi. Kila siku saa saba simu iliita, sahani zikasikika, ikakatika. Jumamosi mtoto hakuamka kabisa, ila saa saba ilipofika alitafuna. Amefumba macho, anatafuna. Gwantwa alikaa pembeni ya kitanda akamwangalia mpaka alipomeza.

Ndipo kumbukumbu ya lile pengo ilipomrudia. Akapiga simu Itaka. Bibi Enesi alipokea haraka, kana kwamba alikuwa anasubiri.

"Mwanangu," alinong'ona, "uliweka nini humu?" Gwantwa akamweleza yote, ya picha na ya kiti kilichokaliwa.

Jumapili asubuhi alimwachia Yunisi mtoto. "Mshike mkono," alimwambia. "Usiuachie." Kabla ya kuondoka alimfunua mdomo: jino la mbele lililokuwa linacheza tangu wiki iliyopita sasa lilining'inia kidogo tu. Alitaka kuling'oa, akaona huruma. Akapanda pikipiki ya Emanueli, bodaboda wa kijiweni kwao, wakakata njia ya vumbi na mibuni mpaka Itaka.

Walifika meza ya mchana imeshaandaliwa. Ilikuwa nyumba ya kawaida, safi, sakafu imepigwa deki, kalenda ya kanisa ukutani. Mbali na kiti cha bibi mwenyewe, viti vitano, sahani tano. Bibi alikuwa peke yake, wanawe wengine wako mbali, lakini alipakua zote tano, na ile ya mwisho akaifunika kwa sahani nyingine.

"Miaka sita naifunua kama nilivyoifunika," alisema. "Chakula nawapa kuku. Tangu Jumatano kuku hawapati kitu. Nilijua mwanangu amerudi, nikafurahi. Nilifurahi, mwanangu, Mungu anisamehe."

Akasali. Sala fupi. Saa ikagonga saba.

Akafunua.

Sahani ilikuwa tupu. Mchuzi umekombwa kwa vidole, vidole vidogo, kutoka kushoto. Katikati kulikuwa na kitu cheupe. Gwantwa alidhani ni punje ya mchele. Akaiokota. Ilikuwa jino, na mzizi wake una damu mbichi.

Alipiga simu Tunduma. Alikosea namba mara mbili.

"Amelala," Yunisi alisema. "Nimemshika. Ila ana damu mdomoni, dada. Kidogo tu."

Simu ya bibi ilikuwa mezani, kioo juu. Inawaka. Nyuso nne zimetulia, na pembeni kule chini Tumpale anacheka. Sasa hakuwa na jino la mbele. Gwantwa hakufikiri tena. Mama gani angefikiri? Akabonyeza uso wa mwanawe, akashikilia. Uso ukatetemeka chini ya kidole. Akauburuta juu. Neno likatokea: Ondoa.

"Subiri!" Bibi Enesi aliinuka, kiti kikaanguka. "Usimwondoe! Kwanza mwite Rubeni arudi, kwanza..."

Kidole kilikuwa kimeshainuka.

Kioo kilikuwa na pengo. Zuri, tupu, kama bibi alivyoomba tangu mwanzo. Bibi Enesi hakupiga kelele tena. Alikaa chini sakafuni, akaongea polepole.

"Kwako kiti chake kimekaliwa. Huku nako umemfuta. Sasa mtoto atakaa wapi?"

Simu ya Gwantwa ikaita. Alikuwa Yunisi, anahema.

"Nilikuwa nimemshika," alisema. "Dada, sikuachia. Nilikuwa nimemshika mkono."

Watu walimtafuta Tumpale. Polisi waliandika, waumini walipita nyumba kwa nyumba, hata Nakonde, upande wa Zambia, walivuka kuuliza. Yunisi alihojiwa mpaka sauti ikamkauka, na kila mara alisema maneno yaleyale. Kitandani kulibaki shimo dogo la mwili kwenye godoro, bado lina joto. Kile kiti cha plastiki Gwantwa alikichoma moto kwa mikono yake. Kesho yake palepale kilipokuwa kikikaa palikuwa na vumbi jeupe, mviringo, kama kuna mtu amekalia.

Wiki ya pili Emanueli alikuja mezani kwake, ameshika kofia ya pikipiki, haya imemjaa.

"Dada Gwantwa, sikutaka kukusumbua na msiba wako. Ila mtoto ametoka kwenye simu yangu. Nimejaribu kuweka kitu kingine pale, hakikai."

Nyuma yake kulikuwa na wengine. Kina mama wa Mbozi, dereva wa lori, Mzambia mmoja aliyekuwa anasema pole kwa Kibemba. Wote na tatizo hilohilo. Pengo pembeni kule chini, mkono wa kulia. Ukibandika saa inaruka. Ukibandika picha inaruka.

Gwantwa alizipokea simu moja moja, akazitazama, akawarudishia.

"Acheni wazi," aliwaambia. "Pana mwenyewe."

Meza ipo mpaka leo, ingawa kazi hafanyi tena. Anakaa tu, na simu yake mapajani. Ameifuta yote. Haina saa, haina mvua, haina uso wa mtu. Kioo kitupu kuanzia juu mpaka chini, ili atakayekuja achague anapotaka. Na wanaouza karibu naye wanasema saa saba mchana haifai kumchungulia begani. Alama ya kidole kidogo hutokea kwenye kile kioo, kwa ndani, mahali ambapo hakuna kitambaa kinachoweza kuipangusa. Inakaa kidogo juu, inahamia katikati, inashuka pembeni, inarudi juu. Gwantwa anaifuata kwa kidole chake, anasema kwa sauti ndogo, "Kaa hapo, mama. Hapo pako. Kaa."

Haikai.