Kwa Miguu Mpaka Golf

Watu walikuwa wamejaa mbele ya kaunta ya duka la mikate, katikati ya Lubumbashi, kila mmoja akimwita muuzaji kwa sauti yake, mikono miwili iliposhika boksi moja la keki. Mmoja ulikuwa wa kike, kucha zimepakwa rangi ya divai. Mwingine ulitoka katika shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ikasimama.

"Pardon, monsieur. Hii gâteau ni yangu."

"Yako? Mama yako pia anaitwaka Léonie?"

Estelle Kapinga akainama kusoma jina lililoandikwa kwa krimu, kisha akacheka mpaka akaachia boksi. Keki yake ilikuwa bado nyuma, kwenye rafu.

"Nisamehe, papa. Nilikuwa mbiombio."

"Sikuachilii bure. Ulitaka kuiba gâteau ya mama yangu. Amende, faini yako, ni numéro yako."

"Na kama sina téléphone?"

"Ile yenye kulia mu sac yako ni ya nani?"

Simu ilikuwa inalia kweli. Estelle akampa namba.

Mwanamume huyo alikuwa Elisée Mumba, mwalimu wa hesabu, mzaliwa wa mtaa wa Hewa Bora. Babu yake alikuja kutoka Mitwaba kufanya kazi ya reli, na katika ukoo wao mtu hakutoka nyumbani na viatu vichafu, hata kama vumbi la barabara lilifika magotini. Estelle alikuwa daktari wa meno. Kazi yake ilikuwa upande wa Kampemba, lakini alilala Golf, mtaa wa matajiri, kwa wazazi wake, kwa hiyo kila asubuhi na kila jioni alivuka mji mzima ndani ya gari lake dogo jekundu.

Mapenzi yao yalikulia kwenye msongamano wa magari. Estelle alivaa écouteurs masikioni, akampigia.

"Uko wapi, mon cœur?"

"Fashi ile ile ya jana. Camion imekatala kutembea."

"Basi niambie umevaa nini."

"Robe ya kijani. Na hasira."

"Hasira haikufae. Itoe, ubakie na robe."

"Elisée! Uko mwalimu, weye!"

Alicheka peke yake, madereva wa pembeni wakamkodolea macho. Barabara iliyokuwa ikimla maisha ikawa fupi. Alipofika Golf na portail, geti la kwao, kufungwa nyuma yake, alimsimulia kilichokuwa mbele ya macho yake: nyasi zilizonyolewa, bougainvillea iliyomwagika ukutani, maji ya kisima yanayotoka bombani saa yoyote, na ukimya wa kusikia ndege akibadilisha tawi.

"Kwetu hapa," Elisée akajibu, "ndege hawezi kusikika. Jirani eko anapiga muziki, na mama eko anamutukana jirani."

"Mi sijui hata jina ya jirani yetu. Namujua tu kwa rangi ya portail yake, kijani."

Alisema hivyo kwa mzaha, lakini hakikuwa kitu cha kuchekesha sana. Mama yake, Marie-Thérèse, alishinda mchana kutwa akizungumza na televisheni.

Baba yake, Papa Godefroid, alilifahamu kila tofali la nyumba ile. Alipofika kutoka Kasai alilala sakafuni katika duka la mtu mwingine, akaikuza biashara yake kidogo kidogo mpaka akajenga Golf. Aliposikia habari za Elisée, alisema, "Akuye siku ya posho. Nimuone."

Jumamosi, siku hiyo ya posho, Elisée alivaa costume yake, suti ya bluu, akabeba kikapu cha matunda ambacho mama yake, Maman Léonie, alikifunga kwa kitambaa chenye maua. Alishuka kwenye taksi barabarani, akatembea chini ya miti mirefu ya Golf, akipita ukuta baada ya ukuta bila kukutana na mtu. Sentinelle, mlinzi aliyeitwa Kasonde, mgeni katika kazi ile, akamtazama kupitia dirisha dogo la portail.

"Unatafuta nani?"

"Mademoiselle Estelle. Beko bananingojea."

"Motokari yako iko wapi?"

"Nilikuya na miguu."

"Hapa wageni habakuyaka na miguu. Patron alisema nisifungulie muntu mwenye sijue."

Elisée akapiga simu, haikupokelewa. Umeme ulikuwa umekatika, na groupe, jenereta ya nyumba, ilikuwa ikinguruma nyuma ya nyumba hata kengele isingesikika. Kisha jeep nyeusi ikaja, ikapiga honi, na Kasonde akafungua portail yote, akasimama wima kama askari, bila kuuliza hata jina. Portail ilipokuwa inafungwa, groupe ikatulia kidogo, na Elisée akasikia kicheko cha Estelle kikitoka ndani.

Akakiweka kikapu chini, akajipangusa vumbi begani, akaondoka.

Jioni Estelle akampigia. "Elisée, ulikuwa wapi? Papa alivaa mpaka cravate! Nilikuwa ku cuisine, nilipoona appels zako nikakupigia, ulizima."

Elisée angeweza kusema ukweli kwa maneno machache. Kiburi kikamzuia.

"Nilipata kazi."

"Kazi? Siku ya leo?"

"Ndiyo, njo vile."

"Basi bakia na kazi yako."

Akakata. Asubuhi zilizofuata msongamano ukarudi kuwa chuma na moshi tu. Estelle alishika usukani, simu kimya pajani, akijiambia kwamba binti wa Godefroid hatamkimbilia mwanamume aliyemuaibisha mbele ya wazazi wake. Upande wa pili wa mji Elisée aliandika milinganyo ubaoni, akaifuta kabla wanafunzi hawajaimaliza.

Ukweli ulitoka kwa Marie-Thérèse. Siku moja, akitafuta mtu wa kuongea naye, alibeba chai mpaka kwenye kibanda cha Kasonde na kumuuliza kikapu kile kizuri kilichokuwa kwenye kona alikipata wapi.

"Ni ya ule kijana wa costume, Maman. Alikuya na miguu. Nilimukatalia."

Siku ya Yenga, Jumapili, baada ya misa, gari jekundu liliingia Hewa Bora na kuzama kwenye shimo la barabara ya akina Elisée. Estelle hakuhitaji kuita. Wanawake waliacha masufuria, vijana wakavua viatu, wakasukuma huku wakiimba.

"Docteur, unatafuta nani?"

"Elisée Mumba."

"Ah! Ni weye njo uliharibu roho ya mwalimu wetu?"

Barabara nzima ikacheka. Maman Léonie akamletea kiti, na kabla hajasema neno, akamwekea bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, mbele yake. Elisée akatokea mlangoni, shati jeupe, macho mekundu.

"Yulu ya nini haukuniambia?" Estelle akauliza.

"Ningekuambia nini? Kama mulango ya baba yako ilinikatala?"

"Mulango njo ilikukatala. Mi nilikukatala siku gani?"

Elisée akashuka kizingitini, akamsogelea.

"Na sikia vizuri," Estelle akaendelea. "Ile nyumba usiiwekee chuki. Papa alilala chini myaka mingi ili mama yangu asikie ndege. Sina na haya ya Golf."

"Na mi sina na haya ya hapa."

"Nani alikuomba haya? Nilikuomba ukuye kula!"

Majirani waliokuwa wakijifanya hawasikilizi wakapiga makofi. Elisée akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akapiga magoti palepale vumbini, na suruali yake ya misa.

"Docteur, utaolewa na mi?"

"Simama, utachafuka."

"Jibu kwanza."

"Njo nakujibu: simama, mume wangu."

Jumamosi moja Elisée alirudi Golf, tena kwa miguu, safari hii na mama yake na mjomba wake, Aimé. Kasonde hakuwa dirishani. Portail ilikuwa wazi, na katikati yake alisimama Papa Godefroid mwenyewe, cravate shingoni.

"Kijana, huu ukuta nilijenga sababu ya bezi, benye kuiba," alisema. "Ilikukosea. Ingia."

Walikula, wazee wakasemezana. Mwishowe Godefroid akaonyesha sehemu ya nyuma ya uwanja. "Pale mutajenga. Kuko fashi, kuko maji."

"Aksanti sana, Papa," Elisée akasema. "Lakini bibi yangu Estelle ataikala kwangu, Hewa Bora."

Mzee akakaza uso. Akamgeukia binti yake. "Na weye?"

"Ni mi nilichagua, Papa. Ulitoka kwa bazazi bako ukajenga yako. Tuachilie tujenge yetu."

Godefroid akamtazama. Alijiona mwenyewe pale, mdomo umefungwa vilevile, shingo imenyooka vilevile. Akatabasamu polepole.

"Mutoto ni wangu kabisa," alisema.

Jua lilipoinama, badala ya kuita dereva, aliwasindikiza wageni mpaka barabara kubwa, bega kwa bega na Elisée. Miaka yote ile hakuwahi kuutembea mtaa wake. Mbele ya portail ya kijani, mwanamume mwenye mvi alikuwa anamwagilia maua. Aliinua kichwa kwa mshangao. Godefroid akasimama, akampa mkono.

"Jambo, jirani. Mi ni Godefroid, wa nyumba ya kona," alisema, na sauti yake ikafika ng'ambo ya barabara. "Na huyu ni mukwe wangu."