Kiti cha Wamae

Tiki, tiki, tiki. Kijiko kiligonga kikombe gizani. Stima ilikuwa imepotea katika hoteli ya Mama Subira, mjini Nyeri, jioni ya soko, na watu waliokimbia mvua walikuwa wamebanana mezani.

"Wewe unayekoroga," msichana alisema, "utatoboa hicho kikombe!"

"Natafuta sukari, dada."

"Sukari niko nayo mimi. Ati unakoroga nini?"

Watu waliangua kicheko. Taa zilipowaka, Wamae, yule mwenye kijiko, alimwona Warigia, operata wa simu pale posta: gauni la manjano, bakuli la sukari mapajani. Naye Warigia alimwona kijana wa buti nzito, midomo imepasuka kwa baridi ya mlimani.

Wamae alipima barafu ya Mlima Kenya.

"Chama cha wanasayansi wa dunia kimegawanywa vikundi," alimweleza walipokuwa wachumba. "Chetu ni cha barafu ya nchi za joto. Kila nchi kiti kimoja. Kila miaka minne tunakutana, viti vinagawanywa upya. Usipofika, chako kimekwenda."

"Na mimi niko na kiti gani?"

"Wewe ndiwe mwenyekiti, kipenzi."

Kisha mkutano ukapangwa Vienna, Jumamosi ileile ya ngurario yao, siku ambayo bwana harusi hukata bega la mbuzi na kumlisha bibi yake mbele ya wazee.

"Waambie wangoje," Warigia alisema.

"Dunia nzima ingoje? Kule hawakubali mwakilishi. Huku ni nyumbani. Ndugu yangu Muriithi atanikatia."

"Wamae, hiyo nyama haikatwi na mwingine."

"Wazee wataelewa, mpenzi."

Jumamosi hiyo, nyumbani kwa kina Warigia kule Giakanja, Muriithi alisimama na kisu, jasho likimtiririka. Mzee Kahiga, babake Warigia, alimtazama.

"Umekuja kumkatia nyama. Usiku pia utamlalia?"

Bega lilibaki zima. Warigia aliingia jikoni, akavua shanga moja moja.

Jumatatu, simu kutoka Vienna iliingia kwenye ubao wake wa simu pale posta, ikikwaruza.

"Posta Nyeri? Nipe Warigia, tafadhali. Nimepata kiti!"

Wamae hakujua kuwa anaongea na Warigia mwenyewe.

"Haitikii, bwana," Warigia alisema, akachomoa waya.

Wamae aliporudi, Mzee Kahiga hakumfungulia lango.

Miaka minne baadaye, mkutano uliofuata ulikivunja kikundi. Kazi za kikundi hicho zilihamishiwa kikundi kikubwa kisicho na kiti cha Kenya. Wamae alirudi kwa Mama Subira, na hapo mezani akamkuta Warigia, kidoleni pete ya mumewe, mwalimu wa Timau, pembeni binti yake Ngendo.

"Hujambo, Wamae. Kiti chako hakijambo?"

"Kikundi kimevunjwa."

"Pole." Alimaanisha.

"Warigia, ile simu..."

"Niliipokea mimi."

Wamae aliinamia kikombe. Tiki, tiki, tiki. Bakuli la sukari lilikuwa mkononi mwa Warigia. Hakulisogeza.

"Mama," Ngendo alisema kwa sauti, "chai ya huyu mtu haina sukari."